Moto wa tanuri la chuma hautulii wenyewe: tunaotaka kiwanda cha chuma Mtwara tulizungumze hili

Fundi wa Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki hii kwenye kundi letu la wana-Mtwara mjadala umekuwa mkali. Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa tangu 1982, bandari tunayo, vyuma chakavu tunaviona vikipakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Kwa nini tusijenge tanuri la umeme tukayeyusha wenyewe? Swali zuri, na mimi niko upande wa wanaotaka. Ila wote waliochangia waliuliza jambo moja tu: zinahitajika megawati ngapi. Hakuna aliyeuliza ule moto unatulizwaje. Nimekaa miaka 6 kwenye tanuri la aina hiyo huko Ghuba kabla ya kurudi nyumbani kufungua karakana ya kuchomelea, na kwa niliyoyaona, hapo ndipo penye kazi yote.

Nianze na mashine ya kuchomelea, maana kila mtu ameiona. Ukigusisha rodi kwenye chuma halafu ukaiinua kidogo, gesi iliyo katikati inapata joto kali mpaka chembe zake zinaachia elektroni, na umeme unapita hewani. Vitabuni wanauita tao la umeme. Sisi karakana tunauita moto tu, nami nitauita hivyo hivyo.

Tabia yake ndiyo ngumu. Mkondo ukizidi, gesi inazidi joto, inapitisha umeme kwa wepesi zaidi, na volti zinazohitajika kuusukuma zinapungua. Kwa hiyo mkondo unazidi tena. Ukiuunganisha moja kwa moja na umeme wenye nguvu bila kizuizi, utapanda mpaka kitu kiungue. Upande wa pili nao ni hivyo hivyo: mkondo ukishuka kidogo, gesi inapoa, ukinzani unapanda, mkondo unashuka zaidi, moto unazimika. Ni ngalawa iliyovuliwa matengo. Ikilala kidogo, inalala zaidi.

Dawa yake mnaijua bila kujua kwamba mnaijua. Zile taa ndefu za tyubu za zamani zilikuwa na choki ndani, yaani koili ya waya iliyozungushwa kwenye chuma. Gesi ya kwenye tyubu ina tabia ile ile, na choki ndiyo inayoushika mkono mkondo usipande ovyo. Mashine ya kuchomelea nayo imesukwa kwa makusudi ili volti zishuke mkondo unapopanda: ikiwa haina kazi inatoa volti 60 hadi 80, moto ukiwaka zinabaki 20 hadi 30. Anayekusukia mashine ya kienyeji akikosea hapo, hata akutilie shaba ya gharama gani, moto utakuwa unaruka na kukatika.

Kuna jambo la pili. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, maana yake mkondo unafika sifuri mara 100 kila sekunde. Kila ukifika sifuri, moto umezimika. Kile unachokiona kama moto mmoja ni moto unaozimika na kuwashwa upya mara 100 kabla hujamaliza kusema neno. Koili inasaidia hapa pia, kwa sababu inauchelewesha mkondo nyuma ya volti: mkondo unapofika sifuri, volti za upande wa pili zimeshapanda na ziko tayari kuwasha tena kabla gesi haijapoa. Bila koili, vyote viwili vinafika sifuri pamoja, na gesi inapata muda wa kupoa.

Sasa lipeleke hilo kwenye tanuri. Badala ya rodi nyembamba kama kalamu, weka nguzo tatu za grafiti, kila fezi (kila waya mmoja kati ya mitatu ya umeme) na nguzo yake, nene kuliko kiuno cha mtu. Badala ya ampea 120, weka ampea elfu kadhaa kwa tanuri dogo, na zaidi ya 50,000 kwa tanuri la tani 100. Badala ya bati tambarare, weka lundo la skrepa, yaani vyuma chakavu: rimu za magari, nondo zilizopinda, mabati, injini zilizokufa. Nguzo zinashuka, moto unawaka juu ya lundo na kuanza kulichimba. Dakika hizo za mwanzo sijui nizieleze vipi kwa ambaye hajasimama pale. Si mlio, ni kipigo. Unakisikia kifuani kabla ya masikioni. Moto unarukia rimu, unahamia nondo, nondo inayeyuka na kuanguka, moto unakosa pa kushika na kuzimika, nguzo inashushwa, lundo linaporomoka na kuiegemea, sasa ni shoti kamili. Ndani ya sekunde moja mkondo umetoka sifuri ukafika karibu mara mbili ya kawaida, ukarudi.

Siku moja, zamu ya usiku, lundo liliporomoka kwa upande. Nguzo ya fezi ya pili ikavunjika kwenye maungio, kipande kizima kikadondoka ndani. Hakuna aliyeumia. Lakini nilimwona msimamizi wetu, mtu mzima wa miaka 30 kazini, amekaa chini anatazama sakafu. Tulikaa saa nyingi kukitoa. Kuanzia hapo nikaacha kuuchukulia ule moto kama kitu cha kuwasha na kuzima tu.

Hayo ndiyo ninayotaka tuyaweke mezani kabla hatujaanza kuhesabu megawati. Karibuni.

Mwalimu wa Ligula

Fundi, shikamoo kwa kazi hii. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, na wanafunzi wangu wanakariri kanuni ya Ohm kama sala. Nikiwaambia kuna kitu ambacho mkondo ukipanda volti zinashuka, watasema mwalimu amechoka. Hili lilijulikana lini? Na hizo nguzo zinaposhushwa na kuinuliwa, si ndiyo njia ya kuutuliza moto? Kwa nini isitoshe?

Fundi wa Chikongola

Marahaba mwalimu, ingawa shikamoo ilitakiwa itoke kwangu.

Moto wa umeme kati ya vipande viwili vya makaa umeonekana tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwingereza Humphry Davy ni mmoja wa waliouonyesha hadharani. Ila aliyekaa nao kwa subira akaupima, urefu wa moto, volti, mkondo, ni mwanamke, Hertha Ayrton. Wakati ule barabara za Ulaya ziliwashwa kwa taa za moto huu, na zilikuwa zinachezacheza na kutoa mlio wa kufoka. Yeye akaonyesha kwamba mlio ule unaanza pale oksijeni ya hewani inapofikia shimo linalojichimba kwenye kaa la upande chanya. Mwaka 1899 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa kwenye chama cha wahandisi wa umeme cha Uingereza. Waambie mabinti wa darasa lako hilo, mwalimu. Ninalipenda sana.

Kuhusu nguzo: zinainuliwa na kushushwa na mitambo ya haidroliki inayopima volti na mkondo muda wote. Inafanya kazi kubwa, lakini ni mizito. Kuisogeza nguzo ya tani nzima kunachukua sehemu kubwa ya sekunde. Moto unahama mara kadhaa katika muda huo huo. Haidroliki inafuatilia umbali wa wastani; mtikisiko wa haraka unashikwa na koili, kwa sababu koili haingoji kuambiwa. Ndiyo maana matanuri mengi ya kisasa yana koili kubwa ya ziada mbele ya transfoma, na yanaendeshwa kwa volti za juu na moto mrefu. Kabla ya koili hizo, moto mrefu ulikuwa haukai.

Halafu kuna sumaku. Mikondo mikubwa mitatu ikiwa karibu karibu, kila mmoja una uga wake wa sumaku, na mioto inasukumwa kutoka katikati kwenda kwenye kuta. Ukitazama ukuta wa tanuri lililopoa, utaona madoa matatu yaliyoliwa zaidi, kila moja likitazamana na nguzo yake. Hata mchomeleaji anayetumia umeme wa moja kwa moja anajua: ukifika kwenye kona ya chuma moto unapeperuka pembeni kama kuna upepo, na upepo haupo.

Mwana Ruangwa

Wakuu, mimi natokea Ruangwa, kwenye kinywe chetu. Hapa kijijini tumeambiana miaka yote kwamba kinywe ndiyo grafiti. Sasa fundi anasema nguzo za tanuri ni grafiti. Ina maana nguzo zinaweza kutoka Lindi? Kama ni hivyo, huu mjadala wa Mtwara peke yake mnatuonea.

Fundi wa Chikongola

Kaka wa Ruangwa, hapa nitakukata maini kidogo, halafu nitakurudishia.

Nguzo za tanuri hazitengenezwi kwa kinywe cha kuchimbwa. Zinatengenezwa kwa masalia ya mafuta yaliyochomwa mpaka yakawa makaa maalumu, yakakandwa na lami, yakaokwa, kisha yakapitishiwa umeme mpaka joto likakaribia nyuzi 3,000 yageuke grafiti. Chembe za makaa hayo zimekaa kama sindano zikielekea upande mmoja, na mpangilio huo ndio unaoifanya nguzo ipitishe umeme vizuri na isipasuke ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye moto. Kinywe chako kina umbo la magamba.

Lakini sasa tazama ukuta wa lile tanuri. Matofali yanayokaa usawa wa mavi ya chuma (uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma), pale panapoliwa haraka kuliko kote, ni ya magnesia, madini yanayovumilia joto kali, iliyochanganywa na kaboni, na kaboni hiyo ni kinywe cha magamba kama cha Ruangwa. Mavi ya chuma yaliyoyeyuka hayashikani na kinywe, na tofali linapata nguvu ya kuvumilia joto la ghafla. Kwa hiyo moto unapopeperushwa na sumaku kwenda ukutani, kinachoupokea kinaweza kuwa kimetoka Lindi. Hilo ni dai la haki, na ukilitetea kwenye mkutano wowote niko nyuma yako.

Bi Mikindani

Samahanini, mimi si wa umeme, nina duka la vinywaji na friji mbili. Fundi mmoja alihamia jirani na mashine ya kuchomelea ya kienyeji. Akianza kazi, balbu yangu inachezacheza mpaka kichwa kinauma, na friji inaunguruma. Nikimwambia anasema umeme ni mdogo. Ni kweli umeme ni mdogo au ni huo moto wenu?

Nguzo ya Umeme

Bi mkubwa, pole. Vyote viwili, na swali lako ndilo lililonifanya nijiunge kwenye uzi huu. Mimi ni mhandisi wa umeme, nipo Lindi mjini.

Moto wa jirani yako unavuta mkondo kwa kurukaruka. Kila ukivuta, volti za waya mnaochangia zinashuka kidogo, zikirudi balbu inang'aa tena. Jicho la binadamu ni kali mno kwenye jambo hili. Balbu ya waya wa kuwaka ikibadilika mara 8 au 9 kwa sekunde, badiliko la volti la robo tu ya asilimia moja linatosha mtu kuliona. Mtikisiko wa moto wa tanuri unaangukia humo humo, kuanzia chini ya mara moja hadi mara 30 kwa sekunde. Ni kama umetengenezwa kuliudhi jicho.

Sasa hesabu, na hapa namuunga mkono fundi. Kinachoamua taa za watu zitachezaje si jumla ya megawati za kituo. Ni nguvu ya gridi mahali tanuri lilipofungwa: pale pakipigwa shoti, gridi ingeweza kusukuma kiasi gani. Kipimo chake ni MVA, ambayo kwa hesabu yetu ichukulie kama ndugu wa megawati. Chukua mahali penye uwezo wa MVA 200 za shoti. Tanuri likiyumba kwa MVA 10, volti zitayumba kama asilimia 5. Linganisha na ile robo ya asilimia. Sasa lipeleke tanuri hilo hilo mahali penye MVA 4,000: inakuwa robo ya asilimia, na hapo ndipo jicho linaanza tu kuona. Tanuri halijabadilika. Gridi ndiyo iliyobadilika.

Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tuliishi kwa mitambo ya gesi ya pale Mtwara, megawati 18, tukiwa hatujaunganishwa na gridi ya Taifa. Nani hakumbuki. Fikirieni tanuri dogo la tani 5 lenye transfoma ya MVA 3 kwenye mfumo wa namna ile: mashine moja inayoweza kuchukua sehemu ya sita ya umeme wa mikoa miwili, ikaiachia, ikaichukua tena, yote ndani ya sekunde moja. Injini za gesi zingekimbia na kukwama kama gari linaloendeshwa na anayejifunza. Kwa hiyo laini kubwa za msongo wa juu si za kuwasha taa vijijini peke yake. Ndizo zinazotupa uzito wa kubeba kitu kama tanuri.

Kuna vifaa vya kufidia mtikisiko, vinavyosukuma na kuvuta umeme kinyume na tanuri kwa kasi kuliko jicho. Ni vya kweli na vinatumika duniani kote. Vinagharimu pesa nyingi, na lazima viwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, si baada ya wananchi kulalamika.

Bi Mikindani, kwako wewe: omba laini yako na ya fundi zichunguzwe, ikiwezekana mtenganishwe fezi.

Mzawa wa Tandahimba

Nimesoma yote. Kila kikizungumzwa kiwanda cha kusini, anatokea mtaalamu kueleza kwa nini hakiwezekani. Korosho tumeambiwa hivyo hivyo miaka yote, tunasafirisha ghafi. Gesi imepita kwenye bomba la inchi 36 kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam tangu 2015, sisi tunaelezwa moto unayumba. Huko Ghuba moto hauyumbi?

Fundi wa Chikongola

Ndugu yangu, uchungu wako naujua, ninao. Na swali lako la mwisho ndilo nililokuwa nalisubiri, kwa sababu jibu lake ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Huko Ghuba moto ulikuwa unayumba kidogo sana kuliko kwenye matanuri ya skrepa tupu. Na kilichoutuliza ni gesi.

Skrepa ilikuwa sehemu ndogo tu ya mlo wa tanuri letu. Sehemu kubwa ilikuwa chuma sponji. Unachukua vidonge vya mawe ya chuma, unavishusha kwenye mnara mrefu, unapitisha gesi asilia iliyogeuzwa kuwa hidrojeni na kaboni monoksidi. Gesi hizo zinanyang'anya oksijeni kutoka kwenye jiwe bila kuliyeyusha. Kinachotoka chini ni chuma chenye vitundu kama sponji. Kinaingizwa tanurini kidogo kidogo kupitia tundu la paa, mfululizo, bila kufungua paa, bila lundo. Chini kuna ziwa tambarare la chuma kilichoyeyuka tangu mwanzo. Hakuna kitu cha kuporomoka. Hakuna nondo ya kurukiwa.

Na juu ya ziwa kuna povu. Unapuliza unga wa kaboni na oksijeni, mapovu ya kaboni monoksidi yanayainua mavi ya chuma kama uji unaofura sufuriani, yanaizamisha mioto yote mitatu. Moto ukizama kwenye povu unakaa kwenye joto, haupoi mkondo unapofika sifuri, na mvuke wa chokaa iliyomo unausaidia kuwaka upya. Ule mlio niliousema, wa kifuani, unashuka mpaka unakuwa mngurumo wa chini. Mwendeshaji mzoefu anajua povu limekaa sawa kwa kusikiliza tu. Siku ya kwanza niliyousikia ukishuka nilidhani umeme umekatika.

Kwa hiyo tunaposema "tuna gesi", tusifikirie kuichoma kwenye injini ili itoe umeme wa kupiga moto kwenye lundo la skrepa peke yake. Gesi inaweza kuingia mlango mwingine kabisa na kumfanya mnyama awe mpole kabla hujamfunga kamba. Umeme kwa kila tani hautapungua, tena sponji baridi inakula zaidi ya skrepa kwa sababu ya mawe yaliyobaki ndani yake. Ila unavutwa kwa utulivu, na utulivu ndio mhandisi wetu wa Lindi anaoulilia.

Chuma cha Liganga kule Ludewa kimehusishwa na ushoroba huu wa Mtwara, yaani ukanda wa maendeleo wa kusini, kwa miaka mingi. Ni chuma kilichochanganyika na titani na vanadi, na titani inayafanya mavi ya chuma yawe mazito na magumu kushughulikia. Kinahitaji wataalamu wake wenyewe. Sponji nayo haitaki mchezo karibu na bahari: ikilowa inapata joto na kutoa hidrojeni, kwa hiyo ghala lake Mtwara lingehitaji ukavu wa kweli, au igandamizwe matofali ikiwa bado ya moto.

Sijasema haiwezekani, mzawa. Wakija wawekezaji na michoro, tusiwaulize ajira ngapi na megawati ngapi tu. Tuwaulize: mlo wa tanuri ni nini, shoti ya gridi mahali pale ni MVA ngapi, na kifaa cha kufidia mtikisiko kiko ukurasa gani wa bajeti. Asiyeweza kujibu hayo matatu, Bi Mikindani na friji zake mbili ndio watakaomlipia.

Mzawa wa Tandahimba

Nimekuelewa, fundi. Nilikuwa sijawahi kusikia habari ya gesi kutumika hivyo. Naomba haya maswali matatu niyapeleke kwa diwani wetu.

Fundi wa Chikongola

Yapeleke. Kama anataka nije nieleze, nitakuja kwa nauli yangu.

Dogo wa Mingoyo

Shikamooni wakubwa. Mimi nimemaliza mafunzo ya kuchomelea mwaka huu. Mashine yangu ni ya kienyeji, ya transfoma tupu. Rodi za 6013 zinawaka vizuri, ila nimepewa 7018 na mteja wa trela, moto unakatika kila dakika na mshono unatoka na vitundu. Je, ndiyo hayo hayo ya tanuri?

Fundi wa Chikongola

Marahaba dogo. Ndiyo hayo hayo, tofauti ni ukubwa.

Ganda la 6013 lina titani na potasiamu. Potasiamu inaachia elektroni kirahisi, kwa hiyo kila mkondo ukifika sifuri gesi inabaki na chembe za kuuwasha tena, hata kwa volti chache. Ndiyo maana mashine za kienyeji zinaipenda. 7018 nayo inaweza kwenda na umeme wa kugeukageuka, lakini inataka volti za juu zaidi mashine ikiwa tupu, na zako nahisi hazifiki 60. Pima kabla ya kulaumu rodi.

Vitundu ni jambo jingine, ni unyevu. Kwa hewa hii ya bahari, pakiti ya 7018 iliyofunguliwa na kulala wazi usiku mmoja haifai tena mpaka uirudishe kwenye tanuri la kukaushia. Kuianika juani haitoshi. Na mshono wa trela usiufanyie majaribio, dogo, kuna watu watakuwa barabarani nyuma yake.

Mashine yako ina koili pembeni au ni transfoma peke yake? Piga picha ndani, uiweke hapa. Ina kilo ngapi za shaba, na waya umezungushwa mara ngapi upande wa pili?

Dogo wa Mingoyo

Haina koili, mkuu. Mizunguko ya waya nilihesabu 38 kabla hawajaipaka vanishi. Picha naweka kesho asubuhi, sasa hivi umeme umekatika.